Baridi ya Mjomba Nilisema

Mjomba wangu ni kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Nilisema. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukishikwa na mafua, yeye alikuwa ameshasema. Mafua yakiisha, alikuwa ameshasema vilevile. Na alichokisema siku zote kilikuwa kimoja: baridi. Kwa mjomba, ugonjwa wowote wa binadamu ulianza na baridi kuingia mwilini, mengine yote mbwembwe za madaktari.

Mteja alikaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, taulo shingoni, hana pa kukimbilia, na somo likaanza. Unaumwa mgongo kwa sababu umelala sakafuni? Baridi. Hujalala sakafuni? Basi iliingia zamani ikajificha. Jua la kuchoma utosi? Jasho limekukaukia mwilini, na hiyo ni nini kama si baridi? Nilikuwa namchokoza makusudi, namletea magonjwa ya ajabu ajabu nione baridi ataitolea wapi. Hakukwama hata mara moja, na duka zima lilikuwa likicheka.

Mkewe ni fundi wa nguo, tunamwita Mama Cherehani. Mwanamke wa maneno machache, anayeshona sare za shule pale sebuleni dirishani, na ukimpelekea kitambaa anakitazama tu, anakata, na kinakutosha. Yeye ndiye aliyeanza kujigonga. Bega kwenye fremu ya mlango, mguu kwenye stuli, kikombe kilicho ubavuni pake anakipiga kumbo kama hakipo. Sindano aliiona vizuri. Kabati zima hakuliona.

Mjomba akatoa hukumu siku hiyohiyo. Baridi ya feni imempanda kichwani. Feni ikaondolewa, cherehani ikahamishwa kutoka dirishani, na mama wa watu akafungwa kitambaa cha sufi kichwani, jasho linamtiririka. Akipitisha siku mbili tatu bila kujigonga, mjomba anasema, "Nilisema." Akijigonga tena, "Si umefungua kitambaa? Nilisema."

Binti yao anafundisha sayansi sekondari. Alipokuja kuwasalimia akamkuta mama yake na ile sufi kichwani, uso ulimbadilika. Akamkalisha baba yake chini.

"Baba, hebu niambie leo, kabla ya lolote. Kitu gani kikitokea, utakubali kwamba si baridi?"

Mjomba akacheka. "Hakuna. Hakiwezi kutokea. Ndiyo ujue kwamba ni sayansi hii. Inajibu kila kitu."

"Hapo ndipo inapoharibika. Nadharia ya kisayansi inatangulia kusema: mkikuta hivi na hivi, mimi nimeshindwa, nitupeni. Halafu watu wanakwenda kuangalia. Hiyo yako mama akipona imeshinda, asipopona imeshinda. Sasa itatuambia nini kuhusu macho yake?"

"Mwalimu, mimi nimenyoa vichwa vya watu kabla hujazaliwa," mjomba akamjibu, na mazungumzo yakafia hapo.

Lakini binti alimganda baba yake mpaka akakubali mama apelekwe hospitali. Niliwasindikiza. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimmulika Mama Cherehani kwa tochi, akamuuliza maswali, akasema, "Mimi nadhani ni presha ya macho, ile inayoanza kula uoni wa pembeni. Nadhani tu. Kuna mashine chumba cha pili, subirini zamu tupime. Ikionyesha presha iko sawa, basi nimekosea, tutatafuta kitu kingine."

Tukakaa kwenye benchi. Mjomba alikuwa anatikisa mguu. Mara akasimama.

"Umemsikia? Anadhani. Anasema huenda amekosea. Nimwachie mke wangu mtu ambaye mwenyewe hajui? Twendeni."

Nilibisha. Nilibisha mpaka watu wakageuka kututazama, lakini mjomba akishakata kauli ameziba masikio. Mama Cherehani alishika mkoba wake akasimama. Mlangoni aligeuka, akautazama mlango wa chumba cha pili, kisha akamfuata mumewe. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaimaliza mpaka leo. Daktari alisema neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema mjomba, na kwa neno hilohilo mjomba akamwona hafai.

Miezi ikapita, sufi kichwani. Asubuhi moja Mama Cherehani alikuwa ananawa uso, sabuni ikamwingia jicho la kushoto. Akalifumba, na nyumba yote ikazimika. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kitambo bila mwenyewe kujua, la kushoto likimbebea kazi. Mjomba alinipigia simu. Hakutaja baridi.

Daktari alikuwa yuleyule. Safari hii tulisubiri zamu, mashine ikapima, na presha ilikuwa juu sana. Jicho la kulia halitarudi, akatuambia. La kushoto limebakiwa na uoni wa katikati, na dawa ya matone itaulinda huo uliobaki, kila siku, maisha yote.

Mjomba akauliza kwa taabu, "Na siku ile tungesubiri?"

Daktari akamjibu, "Nadhani hilo la kulia tungeliokoa. Siwezi kukuapia. Nadhani."

Mjomba alilia palepale, mtu mzima, mbele ya wauguzi.

Siku hizi ukienda dukani kwake kumetulia. Lile jina hakuna anayemwita, hata mimi na mdomo wangu huu. Mteja akianza kueleza kwa nini mtoto wake hakui au kwa nini mguu wa mkwe wake umevimba, mjomba anazima mashine ya kunyolea na kumuuliza kwa upole, "Na ukikuta nini, ndugu yangu, utajua umekosea?" Wengi wanarudi kutazama kioo. Anawasha mashine, anaendelea kunyoa.

Matone anamtia mwenyewe, asubuhi na jioni. Juzi nilikuwepo. Mama Cherehani alikuwa amelaza kichwa nyuma kwenye kiti, mjomba ameshika kichupa juu yake. Yule mama alikuwa hajawahi kumlaumu, na nilidhani hatamlaumu kamwe.

"Mwenzangu," akasema, jicho liko wazi linatazama dari. "Kama yule daktari angekuwa amekosea, tungepoteza asubuhi moja tu."

Mjomba akajibu, "Najua."

"Mimi nilitaka kupimwa."

Alibaki vilevile, uso juu, akisubiri dawa.