Yuda wa Verna Ostrander

Verna Ostrander hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Alianza na gari bovu na marobota ya nyasi kavu, akaishia na mazizi, ghala, na sifa iliyoenea kaskazini mwa Nevada: ukienda kwa Verna, shika mfuko wako. Farasi kwake walikuwa biashara tu, isipokuwa kundi moja la farasi mwitu waliokuja kunywa maji nyuma ya ua wake. Dume mwekundu mwenye sikio lililochanika alilinda nyuma. Mbele alitangulia jike wa kijivu, mzee, ambaye ndiye hasa aliyeamua waende wapi, na kati yao binti yake na kitoto. Miaka nenda rudi hawakuachana. Verna, aliyekimbiwa na waume wawili, alikuwa akisema, "Hao ndio wanandoa pekee ninaowaamini."

Mwaka wa ukame serikali ikaamuru farasi wapunguzwe. Clete Rusk, mwenye kandarasi ya kuwakusanya kwa helikopta, akaja kumwazima Biskuti.

Biskuti alikuwa farasi wa Verna, wa kufugwa, mwenye kazi maalumu. Helikopta ikishawaswaga farasi mwitu hadi mdomo wa mtego, yaani zizi la vyuma, yeye huachiliwa mbele yao. Hukimbilia ndani, kwenye ndoo yake ya shayiri, na wao wakimwona mwenzao anaijua njia, humfuata. Huku farasi wa namna hiyo huitwa Yuda, na watu walishalizoea jina hilo hata hawacheki.

"Hela yako sitaki," Verna akamwambia. "Lile kundi la sikio bovu lisitenganishwe. Zizi moja, nami nitawachukua wote."

"Wewe Verna? Unaumwa?"

"Nijibu, usinipime homa."

Clete akatemea mate kiganjani, wakashikana mikono. Kwao mkono ndio mkataba. Karatasi ni za wasioaminiana.

Biskuti alikimbia vizuri siku hiyo. Jike wa kijivu alisita mlangoni mwa mtego, akageuka kumtafuta dume wake. Kisha akamwona Biskuti akitokomea ndani bila wasiwasi. Akaingia, wote nyuma yake, lango likafungwa.

Hapo hapo vijana wa serikali, wenye bendera za kuwaswagia farasi, wakaanza kuwachambua: madume kushoto, majike kulia.

"Nyie! Hao ni wangu!" Verna akapiga kelele. "Clete, waambie!"

Clete akavua kofia. "Mimi nawaleta hadi langoni, dada. Ndani ni mali ya serikali."

"Na mkono ulionipa?"

"Nilidhani watanisikiliza."

Maisha yake yote, kabla ya kuuliza bei, Verna alikuwa akimuuliza muuzaji: mnyama ni wako? Safari hii hakuuliza.

Akamwendea afisa, binti mpole mwenye miwani. "Majike na mtoto utapewa, mama," akasema yule binti. "Dume anapelekwa jimbo jingine leo. Atahasiwa huko."

Verna akaahidi nyasi. Akaahidi lori, akaahidi hata zizi lake kubwa. "Taja unachotaka, mwanangu!"

"Sina ninachouza, mama."

Na asiyeuza utamshushaje bei? Alichoambulia ni kwamba dume akae zizi linalopakana na la majike hadi gari lifike. Jike wa kijivu akapenyeza pua katikati ya vyuma, dume akasogeza yake, wakasimama hivyo, hawali, hawanywi. Gari likafika. Dume akapigwa bendera mara mbili, akapanda. Jike alilia mpaka sauti ikamkauka, na Verna alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni.

Kwa Verna, majike na kitoto walikula wakanenepa. Lakini yule jike hakuongoza tena. Alisimama popote alipowekwa.

Mwaka uliofuata Clete akarudi kwa ajili ya Biskuti.

"Haazimwi."

"Verna, dada yangu, Yuda wamejaa tele."

Kesho yake akapita barabarani akikokota tela. Ndani mlikuwa na farasi wa madoadoa, mtulivu, mwenye miguu isiyo na kasoro. Verna akajikuta anamkadiria bei. Muda si muda helikopta ikasikika upande wa milimani, naye akaingia ndani, akafunga madirisha.