Kumtafutia Joel Wageni wa Kulala

Niliondoka nyumbani kwangu Bahati, karibu na Nakuru, Jumanne asubuhi kwa sababu nilikuwa nimechoka kukasirika nikiwa nimekaa. Dada yangu mkubwa, Eunice, ameolewa juu kule Keringet, kwa watu wa kabila lingine, na mumewe Joel ni shemeji ambaye ningemchagua mwenyewe kama ningeulizwa. Sasa Joel alikuwa anawindwa na watu wa kabila lake mwenyewe. Kosa lake? Vita vya mashamba vilipoanza tena mwaka huu, aliwaficha majirani wa upande wetu ndani ya stoo yake ya viazi mpaka wakapata njia ya kutoroka. Basi vijana wakaja wakachoma jiko lake, wakamwachia ujumbe kwamba wakirudi ni zamu ya nyumba, na yeye akiwa ndani.

Nilimpigia simu. "Shemeji, njooni Bahati. Nyumba ni kubwa, na mimi niko peke yangu."

"Siwezi toka, Rahab," akaniambia. "Boma ikilala bila mtu, kesho iko na mwenyewe mwingine. Wewe nitafutie wageni wa kulala hapa. Watu wa nje. Hawa vijana hawakujangi kama kuna mtu wa nje anawaangalia."

Hakuwa anaota. Miaka ya nyuma, vita kama hivi vilipozuka, watu wa misaada kutoka ng'ambo walipiga hema kwenye uwanja wa shule karibu na kwao, na muda wote waliokaa pale hakuna mshale uliorushwa. Walipokunja hema, moto ukawaka. Kwa hiyo niliposikia kanisani kwamba wajumbe wa mataifa watakutana Naivasha kuzungumzia amani ya Bonde la Ufa, na kwamba wanataka kuwasikia watu walioumia, niliandikisha jina la Eunice siku hiyo hiyo. Kazi yangu ilikuwa kwenda kumchukua, kumfikisha Naivasha, na kurudi na wageni wa Joel.

Nakuru mjini nilisimama kutia mafuta. Ninauza mabati, simiti na misumari, kwa hiyo nina pikapu yangu, kuukuu lakini yangu. Kijana wa petroli akaniuliza, "Mathe, mbali?"

"Keringet."

"Huko si kumewaka? Lakini nimeskia kwa redio ati ni ugomvi tu wa majirani."

Ugomvi wa majirani! Jirani akigombana na jirani anamtukania mbuzi wake, halafu jioni wanasalimiana. Tangu lini jirani akaletewa lori la vijana asiowajua, na mafuta ya taa, na chakula cha kuwalisha hao vijana? Nilimwambia hivyo, na akanirudishia chenji.

Baada ya Njoro na Elburgon baridi ilianza kuingia hadi kwenye mifupa. Huko kote ni maisha ya kawaida: magunia ya viazi kando ya barabara, mbao zimepangwa, akina mama wamejifunga leso juu ya sweta. Molo nilikunywa chai yenye maziwa mengi, nikanunua mkate na sukari kwa sababu huwezi kwenda kwa dada yako mikono mitupu hata kama kwake kumechomwa. Mwenye hoteli aliponiuliza ninapoelekea nikamjibu, alianza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Kutoka Molo kuelekea juu ndipo niliona. Mahindi yamekauka shambani na hakuna wa kuvuna. Shule imefungwa, mlango umeegemea ukuta. Nyumba moja imesimama, inayofuata ni majivu, na iliyo mbele yake pia imesimama. Ukijua majina ya wenyewe unajua kwa nini. Kwenye kizuizi cha barabara nikawakuta askari wanaota moto.

"Mama, umebeba nini?"

"Mkate. Nyinyi mnalinda nini hapa chini na moto uko kule juu?"

Mkubwa wao aliangalia kando. "Tunangoja amri," akasema.

Tangu nizaliwe huwa wanangoja amri. Amri hufika moshi ukishaisha.

Keringet nilifika mchana, nikapita mjini, nikapanda kilima hadi kwa Joel. Eunice alinikumbatia bila kulia. Yeye si wa machozi. Alikuwa anapikia nje, kando ya jiko lililoungua, na bado alinitengea kiti nikae kama mgeni. Joel alikuja kutoka shambani na jembe begani, mrefu, koti limejaa udongo, akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji umefika! Nilidhani wamekugeuza pale kwa askari."

"Wangenigeuzaje, mimi?"

Alicheka. Kisha nikainua macho kwenye paa la nyumba yake, na kama mtu wa biashara yangu nikaona kasoro. Misumari yote ya mabati ilikuwa imepigwa nusu. Kofia zake zimeachwa juu juu, paa zima, mstari kwa mstari. Nikaanza kumfokea. "Nani fundi huyu alikula pesa zenu? Hata mtoto anajua msumari unaingia mpaka mwisho! Si upepo utabeba hii nyumba?"

"Fundi ni mimi," Joel akasema.

Eunice ndiye aliyenieleza, huku anageuza viazi kwenye sufuria. Kule kilimani hakuna anayepigilia msumari wote. Si wao tu. Ni kila mtu, wa upande huu na wa upande ule. Uchaguzi ukikaribia, au wakubwa wakianza kutukanana kwenye mikutano, watu wanang'oa mabati na kuyapeleka kwa ndugu walioko mbali, ili ukuta ukichomwa angalau paa libaki. Msumari ulioingia wote unachelewesha, na ukiung'oa unararua bati. Kwa hiyo baba anamfundisha mwanawe kujenga: gonga hapa, acha hapo.

Nimeuza misumari maisha yangu yote. Kumbe nimekuwa nikiwauzia watu nusu ya kupigilia na nusu ya kukimbia! Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Joel aliniambia nile, chakula hakina makosa.

"Wewe uwaambie tu hiyo," akamwambia Eunice. "Usiongeze kitu. Waambie vile tunajenga, halafu uwaitishe watu wa kulala hapa. Mimi nitatengeneza mahali."

Jumatano alfajiri tukashuka, mimi na Eunice, yeye amevaa nguo yake ya kanisani. Tulipita Nakuru jua likiwa juu, tukapita Gilgil, na kufika Naivasha tukaanza kuona nyumba za plastiki za maua zimetanda hadi ziwani. Eunice aliuliza hayo maua yanaenda wapi. Nikamwambia yanapanda ndege, yanafika Ulaya yakiwa bado na umande.

"Kumbe huko si mbali," akasema.

Hoteli ilikuwa kando ya ziwa, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Tukapewa kila mmoja fulana iliyoandikwa AMANI na chupa ya maji. Kabla ya kuingia ukumbini, kijana mmoja aliyevaa suti, wa kamati ya maandalizi, ambaye ndiye angekuwa mkalimani, alituita pembeni.

"Mama, utaongea kidogo tu. Na tafadhali, tusitaje mambo ya kuchochea. Sema jamii zimekuwa na changamoto."

"Walichoma jiko langu," Eunice akamjibu.

"Ndiyo, hiyo ni changamoto."

Nilimwangalia huyo kijana nikajiuma ulimi. Nilijiambia, Rahab, umekuja kutafuta wageni, hukuja kutafuta kesi.

Zamu ya Eunice ilipofika alisimama na kuongea vizuri, kwa sauti ile ile anayotumia nyumbani. Alisema walivyokuja, alisema ni vijana wasiojulikana pale, waliletwa na lori na kulishwa na mtu ambaye kila mtu anamjua. Mkalimani akawaambia wajumbe kwa Kiingereza kwamba kumekuwa na hali ya wasiwasi kati ya wakazi. Eunice akaeleza misumari. Akaonyesha kwa mkono wake, gonga hapa, acha hapo. Akasema yeye ni nyanya sasa na tangu aolewe hajawahi kulala kwake chini ya paa lililopigiliwa lote. Mkalimani akasafisha koo, akasema nyumba nyingi za eneo hilo ni za muda.

Wee! Damu ilinichemka. Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijisikia tu nikipiga kelele katika ukumbi wa watu wenye mikrofoni. "Hapana! Hajasema hivyo! Huyu kijana anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" Walinzi wakaanza kuja. Lakini mkuu wa wajumbe, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, akainua mkono wakasimama. Akaniomba nitafsiri mimi. Kiingereza changu ni cha dukani lakini kinafika. Nikasema yote, lori, mtu aliyelisha vijana, misumari, neno kwa neno, na Eunice alikuwa ananiangalia mdomo kuhakikisha sijaruka kitu. Mzee mmoja kutoka upande wa pili wa vita, aliyekuwa ameketi nyuma yetu, akasema kwa sauti, "Hata mimi ndivyo nimejenga."

Nikadhani tumefika. Haki, nilidhani tumefika.

Yule mama akauliza, "Mngependa tuwafanyie nini?"

Eunice alikuwa tayari. "Leteni watu wenu walale kwetu, hata kama ni wachache, mpaka hii maneno iishe. Na huyo anayelisha vijana mnamjua. Watoto wake wanasoma kwenu, pesa zake ziko kwenu. Mfungieni mlango. Mumshtaki huko kwenu, kwa sababu huku kesi yake hufa kabla ya kusomwa. Si mnatuambia sisi ni watu kama nyinyi?"

Nilitafsiri. Yule mama alivua miwani akaifuta. Sikatai kwamba macho yake yalikuwa na maji. Halafu akasema hawawezi kutuma watu bila serikali kuwaalika, kwamba mambo ya mashtaka yana taratibu zake, lakini watatoa taarifa kueleza wasiwasi wao mkubwa.

"Nani atawaalika?" Eunice akauliza. "Huyo mwenye lori?"

Mwenyekiti wa mkutano akatangaza chakula. Kulikuwa na samaki, kuku, na matunda yaliyokatwa maumbo ya nyota, na wapiga picha walitaka Eunice asimame katikati ya wajumbe na fulana yake ya AMANI. Hakuivaa. Aliniwekea mikononi akasema twende nyumbani, na tulitoka bila kula.

Tulilala kwangu Bahati, na Alhamisi tukapanda tena Keringet. Molo nilimwuliza atamwambia Joel nini, akasema atamwambia walichosema, kwani atabuni nini?

Joel alikuwa langoni. Koti lilikuwa limefuliwa. Kuku alikuwa ameshachinjwa na kunyonyolewa, na juu ya ua wa miti ameanika blanketi mbili mpya, moja ya rangi ya kijani, ambazo sikujua alizitoa wapi. Kupitia mlangoni niliona ametoa kitanda chao cha ndoa chumbani akakiweka sebuleni, ametandika shuka, na mto juu yake. Akaangalia ndani ya pikapu yangu, akaangalia barabara nyuma yetu.

"Wageni wako nyuma?" akauliza.

Eunice alishuka polepole, akamwambia mumewe. "Hawakuji, Baba Kiprop. Wamesema wako na wasiwasi mkubwa."

"Wasiwasi?" Joel akasema. "Hiyo mimi niko nayo. Singewatuma kuleta."

Kisha akaenda kwenye ua, akashusha blanketi moja moja, akazikunja vizuri kama mtu anayeziuza, akaziweka kwenye pikapu. Mimi ndiye niliyemwomba wiki nzima atoke, na alipoanza kutoka nilitaka kumzuia. Alikwenda nyuma ya nyumba akamfungua ng'ombe wake mmoja, akampeleka kwa jirani, akarudi na kamba mkononi. Hakufunga mlango. "Tuende," akasema.

Nimejifunza nini katika safari hii? Nimejifunza kwamba walioko nje wanajua. Kwa miaka mingi nilidhani hawajui, na kwamba siku wakijua watakuja. Wanajua, na wanaandika vizuri sana wanachokijua. Kwa hiyo siwaombi tena mtusikilize, enyi mlioketi Naivasha. Mlishasikia. Ninachodai ni kile dada yangu alichodai: leteni watu walale pale, wafungieni milango wanaolisha vijana, washtakiwe mahali ambapo simu zao hazifiki. Maua yetu yanawafikia yakiwa na umande. Msituambie njia ni ndefu.

Sasa Joel na Eunice wako kwangu Bahati. Jioni moja tulikuwa sebuleni, redio ikatangaza kwamba utulivu umerejea upande wa Keringet, na kwamba wajumbe wa mataifa wameipongeza hatua hiyo. Niliinuka kuizima. Joel akanishika mkono.

"Wacha iongee, shemeji," akasema. "Hiyo ni ukweli. Mimi ndio nilikuwa wa mwisho kubaki wa kuchomewa."