Bei ya Wazee

Katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia, hakuna aliyewahi kumwona Mama Régine akitoka nje bila kilemba kilichopigwa pasi. Hata siku ile ya kukimbia vita, wanasema, alisimama kwanza mbele ya kioo. Wengine walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba picha ya marehemu mume wake, Rémy, akaifikisha kwao Mahagi-Port, kando ya ziwa, bila kioo chake kupata ufa. Vita vilipotulia akairudisha Bunia na kuitundika kwenye msumari wake wa zamani. Msumari ulikuwa umesalia. Vingine vyote vilikuwa vimeibiwa.

Rémy alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi, na ingawa alizikwa kabla ya vita, mtaa uliendelea kumwita mjane wake Mama Directeur. Jina hilo alilitunza kama mtu anavyoutunza moto siku ya mvua. Hakukopa. Hakuomba hata chumvi. Hakuketi kwa jirani saa ya chakula, asije akadhaniwa amefuata harufu ya sufuria. Na kwa kuwa yeye hakwenda kwa watu, watu nao walizoea kutokuja kwake. Viti vyake vinne vilivaa vitambaa vyeupe alivyovifuma kwa mkono, visivyo na alama ya mgongo wa mtu. Mwanawe Patou alikuwa Kisangani, mwingine, Vicky, alikuwa Kampala. Walipopiga simu aliwajibu kwa Kifaransa safi kwamba hakosi kitu.

Na kweli hakukosa kitu, isipokuwa mtu wa kubishana naye.

Huyo alimpata kila Jumamosi, dukani kwa Kavira.

Kavira alikuwa mzaliwa wa Butembo, mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti. Yeye na mume wake, Paluku, waliuza mafuta, maharage, sabuni, na samaki wa chumvi kutoka ziwani. Mama Régine alizaliwa karibu na nyavu. Samaki alimjua kwa pua kabla ya jicho. Basi aliinama juu ya meza, akanusa, akakunja uso.

"Kavira, samaki hii uliitoa wapi? Ku kaburi?"

"Mama Directeur, angalia macho yake! Iko inakusalimia."

"Inanisalimia sababu tulikomaa pamoja. Miye ni mutu wa Mahagi-Port, usinidanganye. Beyi?"

Kavira akataja bei. Mama Régine akashika kifua.

"Kwa franga hiyo nitanunua mutumbwi muzima, na muvuvi ndani yake!"

"Nunua, Mama! Kama huyo muvuvi hana bibi, usinisahau mu harusi!"

Wanawake wa kwenye mstari walicheka hadi wakashikana mabega, na Mama Régine akajifanya amechukizwa, mdomo ukimtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Kisha akachukua kikapu chake na kuondoka kwa hasira ya heshima, hadi kwenye cherehani ya Bruno, fundi wa nguo wa mlango wa pili. Hapo ndipo ulipokuwa mpaka. Akifika pale, Kavira aliita: "Mama! Unaenda wapi? Rudia!" Naye akarudi, wakapatana, na juu ya mapatano Kavira akaongeza matabishi: konzi moja ya dagaa iliyofungwa katika karatasi. Matabishi si haki ya mnunuzi yeyote. Ni nyongeza ambayo muuzaji humpa mtu wake, na anayeipokea hujua kwamba yeye ni mtu wa fulani.

Katikati ya hayo yote alisikia habari: nani ameposwa, barabara gani imefungwa, askari gani wamehamishwa. Aliyamumunya maneno hayo nyumbani siku hadi siku, kama mtu anavyoumumunya mfupa, mpaka Jumamosi nyingine ikafika.

Mwaka huo mama yake Paluku alifariki Butembo. Njia ilikuwa mbaya, watu walikuwa wakichinjwa mashambani, na mwana hakufika kuzika. Alikaa siku za msiba pale pale dukani, ameegemea magunia ya maharage. Alipoinuka alipaka ubao rangi nyeusi, akaandika kwa chaki, akautundika mlangoni: WAZEE WA TROISIÈME ÂGE, BEYI IMEKATWA. HAKUNA KUBISHANA.

Mama Régine aliusoma ubao huo akiwa bado barabarani. Hakuona kosa la tahajia, akaridhika, akaingia.

"Pisheni muzee!" mtu akapaza sauti.

Mstari mzima ukapasuka. Mikono ikamshika viwiko kwa upole, ikampitisha mbele. Kina mama aliozoea kusimama nao, akisikia mawili matatu, aliwapita kama jeneza linavyopita: watu wakinyamaza na kusogea. Samaki alikwisha kufungwa.

"Mama, hii njo beyi yenu wazee," alisema Kavira, akitabasamu. "Kamata. Mungu akulinde."

"Lakini Kavira, hii samaki..."

"Hakuna kubishana, Mama. Paluku amekatala. Wa nyuma!"

Akajikuta nje. Nyuma yake alisikia sauti ya Muzee Lucien, dereva mstaafu, akitoa kadi yake ya mpiga kura kuthibitisha umri.

"Lakini hii kadi inasema ulizaliwa nyuma ya mutoto yako wa kwanza!" Kavira alishangaa.

"Ni wenye kuandikisha walichoka siku ile!"

"Basi weye ungali kijana, Muzee. Lipa yote!"

Duka zima likacheka. Sauti nyingine, ya Espérance, mama wa mapacha, ikapenya kicheko: "Na siye wenye watoto, nani anatukatia beyi? Uzee ni kazi gani?" Lucien akamjibu kwamba uzee ni kazi isiyo na mshahara, na huo ndio mshahara wake wa kwanza. Wakabishana vizuri. Mama Régine angekuwa na neno la kuwaambia wote wawili. Lakini alikwisha kuipita cherehani ya Bruno, na hakuna aliyemwita.

Alipofika nyumbani, maji aliyoyainjika kabla ya kutoka hayakuwa yamechemka. Alikaa akiyatazama. Heshima ilikuwa imemsindikiza hadi mlangoni mwake na kumfungia. Alifungua kifurushi, akatafuta dagaa, hakukuwa na dagaa. Ni haki: aliyekatiwa bei atadaije tena matabishi?

Jumamosi ya pili ilikuwa kama ya kwanza, ila fupi zaidi, kwa sababu sasa walimwona tangu mbali.

Wiki iliyofuata alizungumza na picha. "Rémy," alisema, "watu wa leo wanadhani sisi ni wa kusaidiwa." Rémy, mwenye tai na kalamu mfukoni, hakupinga. Hilo lilikuwa jambo moja lililomchosha kuhusu Rémy tangu afe: hakupinga kitu chochote.

Akaenda dukani amevaa vitenge vya Pasaka. Paluku mwenyewe alikuwa mezani.

"Paluku, mwanangu, leo nitalipa beyi ya kila mutu."

"Mama, haiwezekane. Hii ni ya heshima."

"Heshima nimeipokea. Weye pokea franga. Bibi ya Rémy hajalishwa na duka ya mutu hata siku moja."

Maneno hayo yalitoka yamenyooka, kama alivyoyapanga. Lakini Paluku akainamisha uso.

"Mama yangu alikufa, sikukuwa kule," akasema polepole. "Yeye njo namukatia beyi, kwa mikono ya wengine. Ao Mama anaona mukono yangu iko muchafu?"

Katika miaka ile, baada ya makabila kupigana, swali kama hilo halikuwa dogo Bunia. Nani anakula kutoka mkononi mwa nani lilikuwa jambo ambalo watu walikuwa wamelifia, na waliobaki walipimana kwa hilo kila siku, kimyakimya, juu ya sahani na vikombe. Mama Régine aliona Kavira ameacha kupima mafuta. Aliona Espérance anamtazama.

"Kama yeye anakatala, munipe miye!" Espérance alisema. Hakuna aliyecheka.

Jibu la kweli lilimpanda hadi kooni. Lilikuwa jibu dogo, la aibu, lisilofanana na vitenge vya Pasaka. Akalimeza. Akasema tu, "Jina la mutu ni jina la mutu," akaondoka bila samaki.

Alifika kwenye cherehani. Bruno aliendelea kushona.

Akaanza kupika sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Chumvi aliinunua barabara ya pili, kwa kijana ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu yake, na aliyempa chenji bila hata kumwita Mama. Jioni alifuta vumbi kwenye viti ambavyo havikuwa na vumbi. Patou alipopiga simu alimwambia kwamba hakosi kitu, naye Patou akasema, "Basi, Mama, ni vizuri," akakata. Alibaki ameshika simu sikioni, kama mtu anayetumaini kwamba mwenzake amesahau neno.

Ndipo habari mbaya za vita zikaanza tena kutoka Djugu, kaskazini ya mji. Hakuna aliyezipiga tarumbeta, zilionekana tu. Magodoro yalianza kupita barabarani vichwani mwa watu, kisha mbuzi, kisha watoto waliobeba watoto. Helikopta zilipita chini zaidi ya kawaida. Maduka yalifungua ubao mmoja wa mlango na kuacha mwingine umefungwa. Ikasemekana barabara ya Iga Barrière imekatika, na kwamba Paluku alikuwa ameifuata barabara hiyo hiyo, akienda Mahagi kuchukua samaki.

Mama Régine alisimama mbele ya kioo, akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga tena. Jumamosi hiyo akaenda.

Hapakuwa na mstari. Kavira alikuwa peke yake nyuma ya nusu mlango, simu mkononi, na juu ya meza palikuwa na samaki mmoja tu.

"Paluku?"

"Hajafika. Simu yake haipatikane."

"Njia ikifungwa, motokari zinalala Iga," Mama Régine alisema. "Watu wanalala kule, kisha wanapita. Hata siye tulilala."

Kavira akaitikia kwa kichwa. Hakuonyesha kama amesadiki. Kwa mazoea akachukua samaki na kuanza kumfunga, akataja bei ya wazee, ile iliyokatwa, kwa sauti isiyo na mtu ndani yake. Mama Régine alimtazama. Alijua kwamba akipokea kifurushi hicho, atarudi nyumbani, na maji hayatakuwa yamechemka.

"Iko ghali," akasema.

Alijisikia mwenyewe akilisema, naye akashtuka. Kuomba upunguziwe kile kilichokwisha kupunguzwa! Mama yake angemfinya.

Kavira aliinua macho. Yalishuka kwenye viatu vya Mama Régine, yakapanda kwenye kitenge kilichoanza kupauka, yakasimama usoni. Huruma ikaingia ndani yake kama mgeni aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

"Oh, Mama. Pole. Sikukuwa najua." Akamsukumia kifurushi. "Kamata tu. Bure. Sitamuambia mutu."

Cherehani ya Bruno ilikuwa imenyamaza. Basi amesikia. Kabla ya jua kuzama, Bigo yote itajua kwamba Mama Directeur ameanza kuombaomba. Jina alilolibeba hadi Mahagi-Port na kulirudisha bila ufa lilikuwa pale chini, kati ya maganda ya vitunguu. Angeweza bado kuliokota: angeweka pesa kamili mezani na kutoka, shingo imenyooka.

Hakuliokota.

"Sitaki bure," alisema. "Kavira, nataka uniambie hapana. Uniambie hapana sawa na zamani. Ku nyumba yangu hakuna mutu wa kuniambia hapana."

Kavira alibaki amemkazia macho. Simu ilikuwa bado mkononi, kimya. Kisha akaiweka chini, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamfungua samaki na kumpiga juu ya meza.

"Hapana," akasema. Neno hilo halikuwa na nguvu. Akajaribu tena. "Samaki ya mwisho mu Bigo nzima, na njia imefungwa, na weye unasema ghali? Hapana kabisa!"

Akataja bei iliyopita hata ile ya zamani.

"Muwizi!" Mama Régine alisema. "Hii samaki ilikufa kabla ya marehemu Rémy!"

"Na inanuka muzuri kupita manukato yako!"

"Basi, nakwenda. Bakia na maiti yako."

Alichukua kikapu, akatoka. Bruno alikuwa ameinamisha kichwa juu ya nguo, sindano imesimama. Mama Régine alitembea polepole. Alifika kwenye cherehani. Nyuma yake palikuwa kimya. Juu, helikopta ilipita kuelekea upande wa Djugu, na ngurumo yake ikajaza barabara yote, kiasi kwamba hata kama angeitwa asingesikia. Alisimama hapo mpakani akingoja ipite. Alifikiri huenda Kavira ameshika tena simu. Alifikiri juu ya viti vinne.

Ngurumo ikafifia.

"Mama!" Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa nene kama zamani. "Unaenda wapi? Rudia!"

Hakugeuka. Aliongeza hatua moja, ili aitwe tena.