Mutoto wa Plasta Kule Nyawera

Kama unapita soko ya Nyawera na unasikia mutu ananiita "Papa wa Plasta," usimuulize sababu, juu atakueleza, na ataeleza mbele yangu, na ataongeza yake. Afazali nikueleze mimi mwenyewe. Ni aibu, najua, na mupaka leo kuna kona moja ya ile soko siwezi kupita (nazunguka kwa upande wa wauza nguo, hata mvua ikinyesha), lakini kuliko uisikie kwa bamaman wauza mafuta ya mawese, kaa hapa, nitakwambia yote.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, ile miaka kila mutu anaitwa citoyen, mwananchi, na jina ya ubatizo unaiacha nyumbani kama hautafute matata. Nilikuwa nafanya kazi kwa atelier, karakana ya Papa Mugisho, muzee mwenye kuyeyusha chupa. Watu walituletea chupa za bia zilizovunjika na vipande vya madirisha, sisi tunaosha, tunaponda ndogo ndogo, tunatia ndani ya moule, ile kitu tunaitengeneza na mikono kwa plasta, ule unga mweupe wenye kukauka kama jiwe, na matofali ya kusaga, tupu kwa ndani, na hiyo utupu iko na umbo ya kitu unataka: njiwa, samaki, Bikira Maria wa masista. Tunaingiza moule kwa tanuri, tunachoma kuni mupaka kioo inalainika na kushuka ndani polepole kama asali, kisha tunaziba mulango wa tanuri kwa matope na tunangoja ipoe yenyewe. Papa Mugisho alikuwa na neno moja: kioo haipendi haraka. Alikuwa ananiambia mimi zaidi, sijui kwa nini (najua).

Basi Citoyen Commissaire wa zone, mukubwa wa serikali kwetu, akaagiza mukono. Mukono wa kuume, ngumi, inashika mwenge, sawa ile ya bendera ya Zaïre, lakini ya kioo, ya kuweka kwa tribune, jukwaa ya wakubwa, siku ya sherehe ya Parti, chama cha serikali. Papa Mugisho akasema ndiyo, juu jibu lingine halikuwako. Kisha kuni zikaisha, na muzee akapanda camion, lori ya mizigo, kwenda Bunyakiri kutafuta zingine, akachukua na ile caisse ya vyombo, nyundo, pinces za kukata chuma, patasi, yote, juu ile camion ilikuwa haijapata kufika Bunyakiri bila kutengenezwa njiani.

"Bisimwa," akaniambia mbele ya kupanda, "fanya mukono wa udongo kwanza. Polepole. Usianze moule, unasikia?"

"Nimesikia, Papa."

Na nilisikia kweli. Nikafanya mukono wa udongo, vidole vikatoka kama mihogo. Nikabomoa, nikaanza tena, ikawa mubaya zaidi, kidole gumba kilikuwa kwa upande wa mukono wa kushoto. Nikaanza kuwaza Citoyen Commissaire anatazama mihogo kwa tribune, basoda na bunduki zao wako nyuma yake, anauliza ni nani alitengeneza hii. Watu walikuwa wamekamatwa kwa maneno madogo kuliko hiyo, na wengine hatukuwaona tena. Njo nikatazama mukono wangu mwenyewe. Vidole vyote mahali pao. Kucha, mistari, hata mishipa. Nikajiambia, weye Bisimwa, unachonga mukono na uko na mukono.

Ile njo ilikuwa kosa yote. Ingine ilifuata yenyewe.

Nikachukua ndoo, nikapanga ndani yake grillage, wavu ya chuma, nikaizungusha na fil de fer, waya nyembamba, mara nyingi, juu moule bila chuma inapasuka kwa moto. Nikapakaa mukono mafuta (mupumbavu kabisa sikuwa), nikashika kipande cha muti wa balai ya kufagia badala ya mwenge, nikaingiza ngumi ndani mupaka juu ya kifundo, na kwa mukono wa kushoto nikamwanga plasta. Nikangoja, natabasamu. Kwa mawazo niliona Papa Mugisho anarudi, anakuta moule tayari, anasema Bisimwa umekuwa fundi.

Plasta ikakauka. Nikavuta ndoo na miguu, ndoo ikatoka vizuri. Nikavuta mukono. Mukono haukutoka.

Sasa, mukono wazi unaweza kuchomoka. Ngumi haichomoke. Ngumi ni pembamba kwa kifundo na mupana kule chini, na hii yangu ilikuwa tena imeshika muti. Mutoto wa primaire angeniambia. Nikavuta, nikasukuma, nikakanyaga ile plasta, sasa jiwe, na miguu yote mbili na kuvuta mupaka bega ikalia, na pale njo plasta ikaanza kupata moto. Wenye hawajui, plasta ikiwa nguvu inatoa moto yake yenyewe, na mimi niliijua, nilikuwa naiona kila siku kwa moule, lakini hakuna siku moja moule ilikuwa imeshika mutu. Kwanza ilikuwa joto ya chai. Kisha ikawa joto ya sufuria. Nikasema Salamu Maria, nikairudia, nikachanganya na Baba Yetu, nikakimbia kwa pipa ya maji na kuzamisha jiwe yote. Moto ilipungua, lakini vidole sikuvisikia tena. Nilisema kidole, jitikise, na hakuna kitu ilijibu.

Ile woga siwezi kukueleza vizuri. Mimi sina shamba, sikumaliza masomo, kitu niko nacho ni huu mukono wa kuume. Nikagonga jiwe kwa ngazi ya mulango, ikabanduka kidogo tu kwa inje, ile chuma yangu ilikuwa imeishika sawa sawa, na kila pigo iliingia mupaka kwa mufupa. Nikaona nikiendelea nitavunja vidole mbele ya kuvunja plasta. Vyombo viko njia ya Bunyakiri. Basi kulibaki garagiste, fundi wa magari wa Nyawera, mwenye pinces kubwa.

Lakini utatembea namna gani kwa barabara na jiwe kwa mukono? Na jiwe ya kazi ya Parti? Mutu akiuliza, nitasema nini, nimeharibu mukono wa bendera? Kwa kamba palikuwa kikwembe, kitenge ya bibi ya Papa Mugisho inakauka. Nikaichukua, nikafunika jiwe yote, nikaifunga kwa shingo, nikaikumbatia na mukono wa kushoto. Na hapo njo niliona, lakini nilikuwa nimekwisha kufika njiani, kwamba ninafanana na mutu anabeba mutoto muchanga.

Nilipita kichwa chini mupaka kwa meza ya Maman Nabintu, jirani wetu, muuza mawese, mwenye macho ya kuona kitu haimuhusu toka mbali.

"Bisimwa, huyu ni wa nani?"

"Wa dada, maman."

"Dada yako gani? Kijana ao binti?"

"Kijana."

"Mbona halie?"

"Amelala."

"Leta nimuone uso."

"Hapana maman, iko na homa."

Bamaman wengine wakaanza kusogea, juu mwanaume anabeba mutoto na kikwembe, ile miaka, watu wangeacha kuuza wakaja kutazama. Na pale maji ya ile pipa, yenye yalikuwa yameingia ndani ya plasta, yakaanza kutoka. Meupe. Tone, tone, kwa viatu vyangu.

"Bisimwa," Maman Nabintu akasema polepole, "mutoto wako anakojoa maziwa."

Wakacheka mupaka wengine wakashika meza. Nikageuka nikimbie, na nikamukuta gendarme, askari wa serikali. Hakuwa anacheka. Alikuwa mutu mukubwa wa macho mekundu, na Kiswahili yake ilikuwa ndogo, kila neno lilikuwa Lingala ya kambi ya askari.

"Yo, telema wana." Nikasimama. Akafunua kikwembe na ncha ya bunduki, akaona jiwe, na mukono wangu unaingia ndani ya jiwe. "Nini wana?"

"Ni moule, chef. Ya kazi. Ya kuyeyusha kioo."

Aliinua jiwe, akapima uzito. Nikaona uso wake unabadilika, na nikaelewa mbele ya kusema kwake. Kumbuka ile wakati dhahabu ilikuwa mali ya serikali, na mutu akishikwa nayo hapa Kivu, bibi yake alikuwa anaanza kuzoea kulala peke yake. Na mimi hapa, na kitu nzito, imefichwa kwa plasta, imefungwa na chuma, imefunikwa kama mutoto.

"Wolo eza wapi?" akasema. Dhahabu iko wapi.

"Hakuna dhahabu, chef. Ni mukono tu."

"Fungola."

"Haifunguke, chef, njo maana naenda kwa—"

Akainua kitako ya bunduki. Nilifunga macho. Vidole sikuvisikia lakini nilijua viko chini ya ile kitako, na sauti yangu ilitoka ndogo, haikuwa sauti ya mwanaume, na wote waliisikia. Maman Nabintu njo akasema, "Chef, ukipiga vile dhahabu itasagika. Garagiste iko hapa karibu." Mupaka leo sijui alikuwa anaamini dhahabu ao alikuwa ananiokoa. Nilimuuliza, akaniambia ninunue mawese.

Garagiste akaja na pinces, akaweka jiwe kwa meza ya mawese, akakata fil de fer moja moja, anakata na kuhesabu kwa sauti na kuniuliza ni nani mwenda wazimu alifunga chuma namna hii. Kisha akagonga pole pole. Jiwe ikafunguka vipande vikubwa, na mukono wangu ukatoka kwa jua, mwekundu, umevimba, umefunga.

"Fungola loboko," gendarme akasema. Fungua mukono.

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Vidole vilikuwa vimekamatana na ule muti kama si vyangu, na plasta imejaa katikati. Kadiri nilivyotaka kufungua, ngumi ilikaza zaidi. Na mutu akiona ngumi inakaza hivi, atasema nini? Anaficha. Nyuma kulikuwa maman muuza miwa. Gendarme akachukua panga ya yule maman, akaiweka kwa meza, karibu na kifundo changu.

"Kama haifunguke," akasema kwa ile Kiswahili yake, "tutakata. Wolo itatoka."

Nilitazama panga, iko na maji ya miwa na inzi moja juu yake. Nilitazama mukono. Niliusihi, kweli, kwa sauti, mbele ya watu, nilisema mukono yangu fungua, nakuomba. Na pale nikasikia joto, na nikafurahi, nikafikiri damu inarudi kwa vidole. Haikuwa kwa vidole. Ilikuwa inashuka kwa patalo, ile suruali yangu, mupaka kwa viatu, na mara hii hayakuwa maji ya plasta.

Hakuna mutu alicheka mara moja. Ile kimya njo nakumbuka kuliko kicheko.

Maman Nabintu akachukua kopo ya mawese, akaipasha kwa mbabula, juu ya makaa, akaja, akasukuma panga na kiwiko chake kama anasukuma sahani chafu, akamwanga mawese ya moto kidogo kwa ngumi yangu na kuanza kuisugua. "Polepole," alikuwa anasema, "polepole, baba, usiivute." Kidole kidogo kikafunguka. Ingine ikafuata. Cha shahada kilikataa zaidi. Mwisho muti wa balai ukaanguka kwa meza, umejaa mafuta.

Gendarme akauokota, akaupasua katikati na panga. Balai tu. Akatazama ndani ya kiganja changu, akaona tu mistari. Kisha akatazama patalo yangu, na yeye njo alianza kucheka, na soko yote ikapata ruhusa.

Nilitaka kukimbia hata bila viatu. Lakini Maman Nabintu alikusanya vipande vya plasta, vyote, akavifunga kwa ile kikwembe, akanipa kwa mikono.

"Chukua mutoto wako."

Papa Mugisho aliporudi na kuni, nilimweleza (sikueleza patalo). Hakupiga kelele. Akachukua kipande kimoja, akakigeuza kwa mwanga, akaona ndani yake ngozi yangu, kila mukunjo. Akakiunga na kingine, na kingine, akavifunga tena na chuma, akapakaa plasta mupya kwa inje, akajaza chupa, akachoma. Tukangoja ipoe. Mimi njo nilimwambia asifungue haraka.

Siku ya sherehe ile ngumi ilisimama kwa tribune, ya kijani kama chupa, na kwa kifundo alama ndogo pale tuliunga. Niliogopa ile alama, nilisimama nyuma kabisa, mukono ndani ya mufuko. Citoyen Commissaire akaigonga na kucha yake, ikalia, akageukia watu.

"Tazameni namna inashika," akasema. "Huu ni mukono wa militant wa Parti. Mukono wa mutu asiyejua woga."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga vibaya, kidole cha shahada kilikuwa bado hakinyooki (hata sasa hakinyooki vizuri, tazama). Toka siku ile mutu akiniagiza mukono namufanyia ya udongo, na akisema vidole viko kama mihogo namwambia ndiyo, njo vile naviuza. Mukono wangu hautaingia tena ndani ya kitu siwezi kuutoa, hata ikiwa ni chupa ya karanga.

Lakini pale kwa tribune makofi yakaendelea. Nikasikia mutu anasogea karibu na bega yangu, na harufu ya mawese. Alikuwa anapiga makofi kama wengine, macho kwa tribune, bila kunitazama.

"Bisimwa," akasema chini chini, "na ile patalo, ilikauka?"