Uso wa Désiré Kwenye Ukuta wa Kawale

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, na aibu ikizoeleka inakuwa kama jirani, mnasalimiana asubuhi na maisha yanaendelea. Lakini siku ile, jamani, mbele ya kanisa zima la Kawale, ningepata shimo ningeingia na kompyuta yangu kifuani.

Kwanza mnijue. Naitwa Neema, ninaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, ninaandika programu za kompyuta, na tangu nikiwa mdogo mama yangu anasema mwili wangu uko nyumbani lakini kichwa kimetoka kutembea. Ni kweli. Naweza kuwa nachambua maharage huku nimeshajenga nyumba, nimeshapanda maua uani, nimeshazaa watoto wawili na nawaita waje kula (yule wa pili ni msumbufu sana). Na baba wa watoto hao siku zote alikuwa mtu mmoja, Désiré, kijana Mrundi anayepiga kinanda kwenye kwaya yetu. Mwenyewe hakuwa na habari. Tulikuwa tunasalimiana, ananiuliza kama umeme upo, namjibu upo au haupo, basi, na maongezi hayo yananitosha wiki nzima.

Sasa kwaya ikaniomba niwatengenezee programu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta, na niiandike iweze kufanya kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote, kwa sababu laptop yangu ni ya zamani na inatumia Linux, na kompyuta ya kanisa la Kawale, kule Lilongwe tunakoalikwa kuimba, inatumia Windows. Nikaandika, ikakubali. Ikabaki aikoni tu, kile kipicha kidogo cha kuitambulisha programu, ambacho nilipanga pia kikae katikati ya ukuta kila wimbo unapoisha, ili watu wasibaki wanatazama ukuta mtupu.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, mchana wa mwezi wa saba, ule ambao jua linawaka bila kuchoma na vumbi linakaa hewani halina haraka ya kushuka, na kutoka kanisani nikasikia kinanda. Alikuwa anajizoeza peke yake, anarudia sehemu ileile, anakosea palepale, anaanza upya taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Nami kwenye simu nilikuwa na picha yake niliyoipiga kupitia dirishani siku ya mazoezi (msiniulize), amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo. Nikajiambia, aikoni ni pikseli kumi na sita kwa kumi na sita, vinukta ambavyo havitoshi hata kuchora sikio, nani atamjua? Nikaiweka. Balaa lote lilianzia hapo, kwenye kitu kidogo kuliko ukucha.

Ngoja niwaeleze kidogo ili mnielewe vizuri. Faili la aikoni halibebi picha moja, linabeba picha ileile kwa saizi mbalimbali, ndogo ya kukaa pembeni ya dirisha, ya kati, na kubwa kabisa, halafu programu inachagua yenyewe ile inayofaa skrini iliyopo. Mtu mwenye akili angeweka ile ndogo tu na kwenda kupika. Mimi nikatengeneza zote, maana mtu akipenda hafanyi kazi nusu, na ile kubwa niliishughulikia mpaka jua likageuka. Nikafuta kila kilichokuwa nyuma yake, nikasafisha nywele unywele kwa unywele, nikamwekea duara la manjano nyuma ya kichwa. Sikumbuki hata kama nilikula siku hiyo.

Kwenye skrini yangu programu ilichagua ile ndogo, kikatokea kidoa cha manjano chenye kitu cheusi katikati. Mama akasema ni andazi. Papa Lazare, mzee wetu wa kanisa, akavaa miwani akasema ni ngoma, akanisifu kwa kutosahau mambo ya nyumbani. Nikamshukuru kwa heshima zote.

Huyu Papa Lazare ndiye mkubwa wa kamati ya ndoa, na kamati hiyo kwetu si mchezo. Kijana na msichana wa kwaya wakipendana wanapaswa kwenda kujitambulisha kwanza. Wakikutwa wanapendana kwa siri, wote wawili wanashushwa kwenye kwaya, mpaka familia zikutane na uchumba utangazwe mbele ya watu. Nimeona waimbaji wazuri wakishushwa, wanakaa benchi la nyuma wamenyamaza, na sauti zao tunazijua.

Basi Jumapili ikafika, tukapewa ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda Kawale tumevaa nyeupe tupu. Kwaya ilikwenda kuimba, lakini Désiré alikwenda kutafuta maisha yake. Kanisa lile lilikuwa linatafuta mwalimu wa kinanda na mchungaji wao alitaka kumsikia. Njiani aliniambia (ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia) kwamba akikosa nafasi hii anarudi kufyatua matofali, na vidole vikishazoea matofali havirudi tena kwenye kinanda. Nikatazama vidole vyake, nikapotea huko, mpaka gari linasimama nilikuwa nimeshahamia Lilongwe naye.

Nikaweka programu kwenye kompyuta yao, nikajaribu maneno ya wimbo mmoja, yakatoka safi, nikaridhika. Ibada ikaanza. Tukaimba wimbo wa kwanza vizuri mpaka watu wakasimama, wimbo ukaisha, maneno yakaondoka, na programu yangu, kwa utii wote niliouandika kwa mkono wangu, ikaangalia ule ukuta mpana, ikachagua aikoni inayoufaa. Akatokea Désiré. Mrefu kama mlango, amefumba macho, nywele safi, duara la manjano linawaka nyuma ya kichwa chake.

Nitakuwa mwongo nikisema niliogopa kwanza. Kwanza niliona amependeza. Nikasimama pale nimeshika kipanya, namtazama, na kwa muda kanisa lote lilikuwa mbali sana, kama redio ya nyumba ya tatu.

Kilichoniamsha ni kilio. Mama mmoja wa Kimalawi wa benchi la mbele alikuwa amejifunika mdomo kwa chitenje analia, maana uso wa kijana aliyefumba macho, na mwanga nyuma ya kichwa, ndani ya kanisa, huyo kwa akili ya kawaida ni marehemu. Jirani yake akaanzisha wimbo wa msiba, polepole. Wengine wawili wakaja kwenye mstari wetu kutupa pole, pepani, pepani, na mama zetu wa kwaya, bila hata kuuliza ni nani aliyekufa, nao wakaanza kulia (kwetu msiba hauulizwi jina kwanza). Na marehemu mwenyewe yuko palepale chini ya picha yake, ameupa ukuta mgongo, anasikia watu wanalia, anadhani ni muziki wake umewagusa. Akazidi kupiga kwa upole, amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo, vilevile kama ukutani.

Nikakimbilia kulipunguza dirisha la programu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu dirisha likiondoka inabaki kompyuta yenyewe, na kompyuta nayo ilikuwa imejichagulia saizi zake. Désiré mkubwa kwenye skrini, Désiré wa kati pale katikati ninapobadilisha madirisha, Désiré mdogo chini kabisa kwenye mstari. Yule marehemu mmoja sasa alikuwa ukoo. Nikaona bora nizuie mwanga, nikaruka nikasimama mbele ya projekta, na kwa vile tulivaa nyeupe, uso wake ukatoka ukutani ukaja kukaa juu ya kifua changu. Ndipo kinanda kiliponyamaza. Désiré alikuwa amefumbua macho, ananitazama nimemvaa.

Mtu akachomoa waya.

Baada ya ibada tuliitwa kwenye chumba cha nyuma, mimi na Désiré, Papa Lazare na mchungaji wa Kawale pamoja na mkalimani wake. Papa Lazare hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema foto ya namna ile haitengenezwi na watu wasiokuwa na mambo. Désiré akaapa hajui kitu, hakuaminiwa, na kwa kweli hata mimi nisingemwamini. Kisha Papa Lazare akatupa njia mbili. Ya kwanza, tunashushwa wote kwenye kwaya leo hii, na mchungaji wa Kawale ataamua mwenyewe kama anataka mwalimu aliyeshushwa. Ya pili, familia zetu zikutane mwezi huuhuu, uchumba utangazwe, na Désiré abaki kwenye kinanda chake.

Mnaelewa nilichokuwa nimewekewa mezani? Nyumba, maua, watoto wawili, vyote, na wazee wenyewe ndio wanaoviharakisha. Nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi ninayoiweza sana. Nikaanza hata kumsikia yule mtoto msumbufu. Halafu nikamtazama Désiré. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama vidole vyake, na nikaona anavuta pumzi ili aseme ndiyo. Angenioa. Angenioa kwa ajili ya kinanda, na kila akikigusa angekumbuka alikilipia nini.

Nikawahi kabla hajafungua mdomo.

“Papa Lazare, ye hajue kitu. Mi njo namupenda, mi peke yangu. Ile foto niliiba ku dirisha.”

Papa Lazare akavua miwani. Mkalimani akayapeleka maneno yangu kwa Chichewa, kwa hiyo nikaaibika mara ya pili, na kwa Chichewa yalionekana marefu zaidi. Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma, akasema zikomo, sijui ananishukuru kwa lipi.

“Na we,” Papa Lazare akamuuliza Désiré, “unamupenda?”

“Hapana, Papa,” akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekataa chakula nyumbani kwa watu ambao wameshapika.

Iliuma, siwezi kusema haikuuma. Lakini kazi aliipata siku hiyohiyo, kwa sababu yule mchungaji alisema kijana aliyeweza kuliza kanisa lake namna ile hawezi kumwacha aondoke (hatukumsahihisha). Kuhusu mimi, kamati ilikaa, ikajadiliana, na haikupata adhabu ya mtu anayependa peke yake. Haijawahi kutokea, walisema. Nikabaki kwenye kwaya.

Sasa hivi aikoni ya programu ni ngoma. Nimeichora mwenyewe, imepinda upande mmoja, na nimeapa kwamba chochote nitakachokiweka kidogo machoni pa watu, nitakifungua kwanza kikiwa kikubwa, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Toleo jipya niliwatumia watu wa Kawale, na Désiré ndiye aliyeliweka, kwa kuwa sasa kompyuta ile iko chini yake. Jioni akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nyuma yake watoto walikuwa wanajaribu vinanda.

“Neema, ile mupya nimeiweka. Programu iko muzuri. Lakini pale chini, mi nikingali pale.”

Nikamweleza kwamba si kosa lake wala langu, kompyuta huwa inajiwekea nakala za aikoni ili isizitafute kila mara, na hata ukibadilisha faili lenyewe inaendelea kuonyesha ile ya zamani kwa muda, lakini asijali, itaondoka. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia inategemea na kompyuta.