Nilichagua amp ndogo ya tube kwa masikio yangu, Engineer akaipikia Ishiara

Wakuu, hamjambo huko mliko. Na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kucomment, nawaona pia.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na mahali nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mwalimu wa primary huku Kanja, mama wa watoto wawili, na napiga bass, lile gitaa la sauti nzito, kwa bendi ya kanisa. Ndio, mwanamke. Mkimaliza kushangaa tuendelee.

Bendi yetu ni watu wanne na mtu wa sound. Huyo wa sound tunamwita Engineer. Uinjinia wake ni semina ya siku tatu hapo Embu town, akapewa cheti na chai. Cheti amelaminate, hutembea nacho ndani ya begi ya nyaya.

Miaka yote nimepigia kwa amp ya kanisa, ile mashine ya kukuza sauti. Ni kubwa kama kabati ya vyombo na sauti yake ni debe likigongwa na mwiko. Nipige nota ya E, nipige ya A, mtu wa nyuma anasikia tu "ngu, ngu, ngu."

Sasa siku moja nikaenda harusi Meru. Kulikuwa na wazee wanapiga rhumba. Bass ya yule mzee ilikuwa inaongea! Sauti nono, mviringo, na akikaza kidole inakwaruza kidogo kama mtu anayesafisha koo.

Wakipumzika nikaenda kuchungulia nyuma ya spika. Nikaona kaboksi kadogo, ndani kanawaka rangi ya machungwa. Mzee akaniambia hizo ni tube, zile chupa za glasi zilikuwa kwa redio za kitambo.

Nikarudi nyumbani mgonjwa.

Nikaleta swali hapa, kama mnakumbuka. Natafuta head ndogo ya bass, tube tupu, ya kubebwa na mtu mmoja. Head ni ile boksi ya amp peke yake, spika inakaa kando.

Majibu yenu bado ninayo. Karibu nyote mliuliza "watts ngapi?" Mmoja akaniambia ninunue keyboard. Mwingine akaja inbox kuuliza kama nimeolewa. Asanteni kwa msaada.

Mwishowe ni yule mzee wa rhumba alinielekeza Majengo, Meru, kwa fundi mmoja wa redio. Mzee Swaleh. Chumba chake kiko nyuma ya bucha, na hutengeneza hizi vitu tangu mimi sijazaliwa.

Engineer aliposikia akasema lazima anisindikize, "usije ukaibiwa." Sikumwalika. Alifika stage ya matatu kabla yangu.

Mzee Swaleh alikuwa na head tatu mezani. Moja kubwa ya wati mia tatu, ya kuinuliwa na watu wawili. Ya pili ya wastani. Ya tatu ndogo, wati thelathini, ameiunda mwenyewe kwa transfoma za zamani. Ingeenea kwa kikapu cha sokoni.

Hakuniuliza wati. Aliniuliza, "Binti yangu, wapiga na nani, na wapigia wapi?"

Nikamweleza. Ngoma, keyboard, gitaa, kanisa la mabati.

"Basi geuka uangalie ukuta. Piga wimbo mmoja tu, mimi nitakuwa nabadilisha. Usitazame. Macho hupenda vikubwa."

Nikageuka. Nikapiga wimbo mmoja wa ibada mara tatu.

Mara ya kwanza sauti ilikuwa safi na baridi kama sakafu ya benki. Mara ya pili ilikuwa sawa tu. Mara ya tatu nikasikia ile kitu. Ile nono. Nilipokaza kidole ikakwaruza, nilipolegeza ikatulia. Niliendelea kupiga hata baada ya wimbo kuisha.

"Hii," nikasema.

Nikageuka. Ilikuwa ile ndogo.

Engineer alicheka mpaka akashika mlango. "Hii? Hii ni ya kupasha chai! Mwalimu, kwa live sound unahitaji headroom, nguvu ya akiba."

Halafu akachukua bass yangu, akachomeka kwa ile kubwa, akafungua knob zote mpaka mwisho, akaanza kupiga slap, ile ya kuchapa nyuzi kwa kidole gumba. Mwenye bucha alikuja kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Mzee Swaleh alisubiri amalize. Nikalipa, akanifungia ile ndogo na spika yake, akanionya. "Iache ipate moto kwanza kabla hujapiga. Usiibebe ikiwa moto. Na kubwa kuliko yote, usiiwashe bila spika. Nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani, inaunguza transfoma. Umenisikia?"

Nilisikia. Engineer hakusikia, alikuwa anapiga selfie na ile kubwa.

Hapo ndipo ujinga wangu unaanzia. Ilifaa nimrudilie yale maneno njiani. Lakini alikuwa amenikera, nikaona wacha akae na headroom yake.

Jumapili ya kwanza Kanja, nilipiga wimbo wa kufungua ibada tu, na Cucu Marigu, bibi mzee ambaye ni mwenyekiti wa akina mama, akageuka mzima kwa benchi. Baada ya ibada akanishika mkono. "Leo hiyo gitaa yako imeongea kama mtu. Zamani ilikuwa inakohoa."

Wakuu, nilienda nyuma ya choo cha kanisa nikalia kidogo.

Halafu ikaja Ishiara.

Cousin yangu Wawira alikuwa anaolewa huko chini, bendi yetu ikaalikwa. Joto la Ishiara mnalijua. Harusi ilikuwa uwanjani, tenti tatu, watu mpaka barabarani.

Na hapa niwe mkweli: wati thelathini uwanjani hazifiki nyuma. Nilijua. Nilimwomba Engineer mic moja aweke mbele ya spika yangu, sauti ipitie kwa mixer yake iende kwa spika kubwa.

"Mic ni za wachungaji," akasema.

Basi nikapiga hivyo hivyo. Waliokuwa karibu walifurahi. Tulipopumzika, kabla ya viapo, niliitwa nisalimie mashangazi. Nikaacha amp imewaka. Ujinga namba mbili, huo uandikeni.

Sahani ya pilau ilikuwa haijafika hata mkononi.

Nikasikia slap. Bass yangu. Halafu mlio kama mbuzi ameshikwa na waya. Halafu "PAA", na uwanja wote ukanyamaza.

Nilikimbia na viatu vya harusi. Nikamkuta Engineer ameshika bass yangu, jasho linamtoka, moshi mwembamba unatoka kwa amp. Alikuwa amechomoa waya wa spika, akauchomeka moja kwa moja kwa mixer, ati bass itoke kwa spika kubwa. Spika yangu ilikaa pale haina kazi. Transfoma imeungua, na mixer nayo ikafa hapo hapo.

Mchungaji akagonga mic. Kimya.

Ikabidi viapo visemwe kwa mdomo, na upepo unavuma. Mchungaji anapiga kelele kama anauza mbuzi: "JE, UTAMPENDA?" Watu wa tenti ya nyuma: "Amesema nini?" Wawira, bibi harusi mzima na shela, akavuta pumzi akapaaza, "NIMESEMA NDIO!" Barabarani wakapiga makofi.

Kwangu hakuna aliyepiga makofi. Engineer alikuwa anazunguka tenti kwa tenti akieleza, "Ni zile glasi za mwalimu. Nilimwonya." Shangazi yangu wa damu aliniangalia kama mimi ndiye nilimtukana mchungaji.

Jumapili iliyofuata kamati ikakaa. Engineer alileta karatasi ameandika "Ripoti ya Kiufundi." Mwenyekiti wa kamati akasoma, akatikisa kichwa, akasema vyombo vya watu binafsi visiletwe tena, na labda mwalimu apumzike bass kwa muda, arudi kwa kayamba na akina mama wenzake.

Arudi. Kwa kayamba.

Nilijaribu kueleza mambo ya transfoma, nikaona macho yao yanazima moja moja.

Ni Cucu Marigu aliinua mkono.

"Engineer, huo waya ulikuwa kwa spika. Nani aliutoa?"

"Cucu, nili-optimize signal path."

"Hiyo ni kutoa ama si kutoa?"

"Kitaalamu, unaweza kusema—"

"Ni kutoa ama si kutoa?"

Akaangalia karatasi yake. Haikumsaidia.

"Ni kutoa."

"Basi utaibeba urudishe kwa aliyeitengeneza. Wewe mwenyewe. Na mtoto wetu asiguswe bass yake."

Kamati ikasema ameni. Mimi hakuna mtu aliniomba msamaha, ijulikane. Mwenyekiti alisema tu "tusonge mbele," kana kwamba tulikuwa tumesimama sote pamoja.

Engineer akaibeba mpaka Majengo. Mzee Swaleh hakumgombeza. Alimkalisha kwa stuli, akampa kushika waya wa shaba wa kusukia transfoma mpya, siku nzima, Engineer akihesabu mizunguko kwa sauti. Akikosea, wanaanza upya. Mwenye bucha alikuwa anakuja kusikiliza.

Amp ilirudi, na sauti ni ile ile.

Sasa majuzi kulikuwa na mkutano wa bendi za makanisa hapa Embu. Wakauliza kama kuna mtu wa kufundisha kidogo kuhusu vyombo. Engineer akasimama. Akakohoa. Akasema, "Kutokana na utafiti wangu, tube amp haifai kuwashwa bila spika. Nguvu ikikosa pa kutokea, inarudi ndani."

Watu wakaandika kwa madaftari! Kijana mmoja wa Runyenjes akamwomba namba.

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Halafu nikaangalia mbele, nikaona amp yangu imewekwa chini ya kivuli, spika imechomekwa, na mbele yake kuna mic. Ya wachungaji. Ameiweka mwenyewe, bila kuombwa.

Nikafunga mdomo, nikaenda kupiga bass.

Funzo langu, wakuu: chagueni amp mkiangalia ukuta. Na onyo la fundi mwambie kila mtu atakayegusa hicho chombo, hasa yule unayemchukia, kwa sababu ndiye atakigusa kwanza.

Haya, leteni yenu. Nani hapa ameunguziwa chombo na mtaalamu, na siku hizi huyo mtaalamu anafundisha nini?