Mlango wa Enoch kwenye Kona ya Nne

Enoch Birtwistle hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake, lakini ukimwuliza ni nani aliyekuwa akiwashindia Kunguru wa Calderfold, timu ya mbio za pikipiki huko Lancashire, mechi zao za nyumbani, angekujibu bila kupepesa macho kuwa ni yeye. Wala hakuwa mwongo sana. Wapandaji walikuwa na pikipiki zao zisizo na breki na makoti yao ya ngozi nyeusi na nyeupe. Yeye alikuwa na reki, ndoo, na njia yenyewe, yadi mia tatu na themanini za makaa yaliyoungua katika matanuri ya viwanda vya pamba, yakasagwa na kushindiliwa. Aliyajua makaa hayo kama mpishi ajuavyo unga wake. Aliyachota kiganjani, akayafinya, akasema, "Bado ndoo sita za maji." Zikimwagwa sita, si tano wala saba, njia ilitulia.

Kila raundi ilikuwa ya wapandaji wanne, wawili wa nyumbani na wawili wageni, mizunguko minne ya kukata kona kushoto tu. Wa kwanza alipata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho alipata vumbi. Raundi kumi na nne zilikuwa mechi. Kila raundi ikiisha, makaa yalikuwa yametupwa hadi kwenye uzio, na hapo Enoch na wenzake watatu waliingia na reki kuyarudisha. Watazamaji walikuwa wakinunua mikate ya nyama na kujaza pointi kwa penseli kwenye programu zao. Hakuna aliyewatazama watu wa reki, na Enoch alilipenda jambo hilo kuliko yote.

Kwa maana kwenye kona ya nne, karibu na uzio, Enoch hakuwa akiyarudisha makaa yote. Aliacha ukanda wenye unyevu, upana wake kama wa mlango, akaunyunyizia vumbi kavu juu ili usionekane. Raundi zikienda zikirudi, upande wa ndani ulisuguliwa na magurudumu mpaka ukateleza kama sabuni, lakini aliyetoka nje kabisa akaupata ule ukanda, gurudumu lake la nyuma liliuma na pikipiki ikaruka mbele. Kunguru wote waliujua. Mgeni aliyejaribu kutoka nje kwa kubahatisha aliingia kwenye makaa mazito kando yake, akabaki akipiga gesi palepale huku wenzake wakienda zao. Wapandaji walipaita Mlango wa Enoch. Mcheza kwao hutunzwa, na Enoch aliona kuwa kutunza huko ndiko kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Hata hivyo miaka sita mfululizo Kunguru walishika mkia katika ligi, kwa sababu mlango haukuweza kusafiri nao kwenda ugenini. Kisha akaja Clem Rushton, mfumaji wa kiwanda cha juu mtoni, kijana mwembamba aliyepanda pikipiki kana kwamba ameitukana na sasa anaibembeleza. Mwaka 1939 wakamfanya nahodha, na mpaka mwisho wa Agosti Kunguru walikuwa sawa kwa sawa na Netherby kileleni. Mechi ya mwisho kati yao ilipangwa iwe Calderfold, Ijumaa, tarehe mosi Septemba. Atakayeshinda anachukua ligi. Enoch alikuwa na miaka hamsini na minane, na alichotaka kabla ya kufa kilikuwa kimoja tu, kuliona kombe lile likiingia Calderfold.

Asubuhi ya siku hiyo Wajerumani waliingia Poland. Watu elfu kumi na mbili wakaja uwanjani vilevile, wengi wao wakiwa wamening'iniza mabegani visanduku vya vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu. Mtu akianguka raundi husimamishwa na kuanzwa upya, na jioni ile walianguka watu mara tatu, kwa hiyo jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mabomba ya viwanda raundi ya kumi na tatu ilipokwisha. Kunguru thelathini na tisa, Netherby thelathini na tisa. Ilibaki raundi moja. Clem na mwenzake Wilf Grimshaw wangepambana na Horace Tindall na mwenzake wa Netherby.

Clem alimfuata Enoch kando ya njia, kofia yake ikiwa kwapani.

"Mzee, hii ya mwisho itandaze sawasawa."

"Sawasawa vipi?"

"Bila mlango. Tindall nitampita kwenye njia ya haki. Hatujui kesho kutwa tutakuwa wapi sisi. Hii moja nataka iwe yangu kweli."

"Haya, kijana wangu. Nenda kavae kofia yako."

Enoch akaenda kona ya nne, akapitisha reki pale pa kuonekana, na mlango akauacha ulivyo. Hakusahau, msimtetee. Alijiambia kuwa majivuno ni ugonjwa wa vijana na kwamba Clem angepona akishashika kombe mkononi.

Wapandaji wanne walikuwa wameshafika kwenye kamba ya kuanzia, injini zinanguruma, Sajini Ainscough wa polisi alipoingia akikimbia. Amri ya giza, ya kuzima taa zote ili ndege za adui zisione pa kulenga, ilikuwa imeanza usiku uleule nchi nzima, na taa za uwanja haziruhusiwi kuwashwa. Mwamuzi alisema bila taa haiwezekani, makaa meusi na kiza ni njia ya kuzikia watu. Sajini mwenyewe alikuwa na skafu ya Kunguru chini ya koti lake, na alipozomewa alilifunga koti hadi shingoni. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Watu wakatoka polepole, kama wanaotoka mazishini kabla maiti hajazikwa.

Clem alikuja akampa Enoch mkono. "Asante kwa raundi ya kumi na nne, mzee. Najua ilikuuma kuukwangua."

"Si kitu," akasema Enoch.

Jumapili vita vikatangazwa na viwanja vyote vikafungwa. Gazeti likaandika mistari minne tu kwamba msimu umevunjwa na bingwa hakuna. Jeshi likaegesha malori juu ya makaa ya Enoch, naye akawa akipita nje ya uzio bila kugeuza shingo. Jioni moja alimweleza mkewe, Nellie, habari ya ule mlango. Nellie hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Umepokea shukrani isiyo yako," akamwambia. "Basi kaa nayo."

Alikaa nayo, na ikawa nzito kila mwaka. Clem alikuwa mpeleka barua wa jeshi, juu ya pikipiki, na aliuawa Italia wakati wa baridi ya mwaka 1943. Mama yake alikutana na Enoch kwenye foleni ya bucha. Akamwambia kuwa Clem alikuwa akiwasimulia wenzake huko vitani habari za mzee mmoja wa Calderfold, mkaidi kama punda, aliyeuondoa mlango wake mara moja tu maishani kwa sababu Clem alimwomba. Enoch alisahau alichokuja kununua. Alikwenda nyumbani mikono mitupu, akaketi kwenye ngazi na kulia, na Nellie akaja akaketi kando yake.

Uwanja ulifunguliwa tena masika ya 1946. Bahati ikapanga mechi ya kwanza iwe dhidi ya Netherby, na wenye timu hizo mbili wakakubaliana jambo ambalo ligi haikulitambua wala kulikataza. Kabla ya mechi mpya, raundi ya kumi na nne ingekimbiwa, mchana kweupe, na mshindi angechukua lile kombe lililokuwa limelala miaka saba chini ya kitanda cha meneja. Yule mwenzi wa Tindall wa mwaka 1939 alikuwa amezama na meli yake vitani. Hakuna aliyetaka kuwaweka watu wengine mahali pa wale wawili. Nafasi zao kwenye kamba ziliachwa wazi, na waliobaki wakawa Wilf Grimshaw na Horace Tindall. Wa kwanza tatu, wa pili mbili. Arobaini na mbili kwa arobaini na moja.

Enoch alikuwa na makaa mapya na wiki mbili za kuyashughulikia. Siku yenyewe Wilf alimfuata akiwa ameshavaa glovu, mtu mzima sasa, mvi masikioni.

"Uko palepale, mzee?"

"Haupo," akasema Enoch. "Nimetandaza sawasawa, ndani mpaka uzioni."

Wilf alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, uso ukambadilika. "Leo? Kati ya siku zote, leo?"

"Clem aliniomba."

"Clem amekufa, Enoch."

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemdanganya tena."

Akamweleza yote kwa sentensi tatu. Wilf alitazama chini, akapiga makaa kwa kiatu chake cha kushoto, chenye soli ya chuma ya kuburuta kwenye kona, akasema basi, atampiga Tindall hivyohivyo, kwani ana magurudumu matatu yule? Enoch akamwambia ndivyo alivyosema Clem pia.

Na kwa mizunguko mitatu na nusu Wilf aliongoza. Watu walikuwa wamesimama, na wapo walioanza kukumbatiana. Lakini mwili una kumbukumbu zake. Alipofika kona ya nne kwa mara ya mwisho, akimsikia Tindall nyuma, mikono yake ilifanya ilichozoea miaka yote ile na kumpeleka nje, uzioni, kwenye mlango. Mlango haukuwepo. Gurudumu halikuuma, pikipiki ikatembea umbali mrefu bila faida, na Tindall akapita ndani, akamtangulia kwa nusu gurudumu. Uwanja, kwa heshima ya Kilancashire, ukapiga makofi mafupi.

Tindall alimjia Enoch, meno tu ndiyo meupe usoni. "Miaka saba niliyokuja hapa kabla ya vita, kona ile ilinimeza kila mara. Imekuwaje leo?"

"Vita, bwana," akasema Enoch. "Vimebadilisha mengi."

Alitoa mfukoni programu ya 1939, iliyolainika kama kitambaa, akaandika kwa penseli kwenye mstari uliokuwa mtupu: Tindall 3, Grimshaw 2. Kombe lilikuwa linakwenda Netherby mbele ya macho yake, naye akaona kuwa anaweza kulitazama. Ilimuuma sana, lakini ile shukrani sasa ilikuwa yake.

Mechi mpya ilikuwa ianze baada ya robo saa. Wilf akaja akisukuma pikipiki, makaa yamemjaa masikioni, akasimama karibu bila kumtazama.

"Na kwa hii ya sasa je, mzee?"

Enoch alikunja programu, akairudisha mfukoni, akachukua reki.

"Clem aliomba raundi moja tu," akasema, na akashika njia kwenda kona ya nne.